Koti la Ndani la Meja

Tulipomaliza arobaini ya baba, ndugu zangu walinikabidhi sanduku lake la bati, kwa kuwa mimi ndiye ninayejulikana katika ukoo kwa kutunza vitu. Nililifungua mchana, mlango ukiwa wazi, nikaanza kuandika orodha kama nifanyavyo kwa kila kitu. Koti moja la sufu, kola imeliwa na nondo. Rozari moja. Cheti cha ubatizo. Bahasha moja ya zamani. Na chini kabisa, limefungwa ndani ya kipande cha marikani, chanuo. Hapo orodha ikakoma.

Chanuo lile alilitengeneza baba mwenyewe. Mpini ni wa mninga, na meno ni spoki za baiskeli alizozikata, akazipiga tupa hadi ncha zikawa butu kama ncha ya kidole. Yako kumi na matano. Katikati ya meno mawili ya mwisho, pale yanapoingia kwenye mti, kulikuwa na nyuzi chache zilizonasa, laini, za rangi ya maziwa yaliyoingia majivu. Nilichota maji kwenye kikombe, nikachovya chanuo, nikanusa. Lilinuka chuma tu. Watoto wangu walidhani huzuni imenizidi. Sikuwaeleza nilikuwa natafuta harufu gani.

Wa rika langu mliokulia Tabora enzi za Mwingereza mtawakumbuka mbwa wa Uzunguni. Wengi walikuwa wa manyoya mafupi na hasira nyingi. Meja hakuwa hivyo. Alikuwa mbwa mkubwa, mzito, mwenye manyoya marefu yaliyofika karibu na ardhi, wa aina iliyozaliwa kwa ajili ya nchi za theluji. Bwana wake alikuwa ofisa wa reli, na baba yangu, ambaye watu walimwita Petro, alikuwa mtumishi wa nyumba hiyo: kufua, kupiga pasi, kupanga meza, na Meja. Kazi ya Meja aliipata kwa bahati mbaya, kwa sababu mbwa huyo alimkubali yeye na kuwakataa wengine.

Mama na wadogo zangu waliishi Itetemia, kwenye shamba letu. Mimi nilikaa mjini na baba ili nisome shule ya misheni, na tulipanga chumba katika nyumba ya mwanamke mzee aliyeitwa Bi Mwavita. Mama yake aliletwa mjini na msafara akiwa msichana, kutoka ng'ambo ya ziwa, kwa miguu, na nyumba ile ya udongo na mabati ilikuwa mali ya kwanza ambayo mtu wa ukoo wao alipata kuimiliki. Bi Mwavita alizaliwa humo, akaolewa humo, akafiwa humo. Alikuwa Mwislamu wa kuswali kila kipindi kwa wakati wake. Baba alipokwenda kuomba chumba alimweleza ukweli tangu mwanzo: mimi ni Mkristo, na kazini kwangu nashika mbwa. Bi Mwavita alifikiri, akasema, "Ukristo wako ni wako na Mungu wako. Mbwa abaki huko huko. Asiingie, wala kitu chake kisivuke kizingiti changu."

Baba aliliweka sharti lile kama kiapo. Alikuwa na shati moja tuliloliita shati la mbwa, ambalo halikupata kutoka nje ya banda la kuni la Uzunguni. Kila jioni alilivua, akanawa mpaka kwenye viwiko, akavaa shati jingine, ndipo akashika njia ya nyumbani. Akifika, alinawa tena miguu na mikono uani kabla ya kuvuka kizingiti, na Bi Mwavita, aliyekuwa akisuka mkeka barazani na kunusa ugoro wake, alimchokoza.

"Petro, leo umenawa au umeyaonyesha maji mikono tu?"

"Nimenawa, mama. Hata sabuni imelalamika."

"Ilalamike. Wewe ndiye uliyetafuta kazi ya kulea mnyama mwenye nywele kunizidi."

Walicheka kila siku kwa maneno yale yale. Mimi nilimpenda Bi Mwavita kama mtoto anavyompenda bibi yake. Nikitoka shule nilikuta ameniwekea chakula, na ndiye aliyenifundisha kushona, mshono wa kurudi nyuma usiofumuka.

Likizo za kiangazi baba alinichukua kwenda naye kazini. Ule ulikuwa msimu wa upepo mkavu na vumbi, majani ya miombo yameanguka na joto linapanda kila siku kuelekea mvua. Ndio pia uliokuwa msimu wa Meja kupukutika. Mwanzoni unaona vishungi vya manyoya mepesi vikichomoza mapajani na nyuma ya masikio, kama pamba inayotoka kwenye godoro lililotoboka. Baada ya wiki moja, kila aliposimama paliachwa wingu. Yalijaa kwenye mazulia, kwenye pazia, hata kwenye siagi. Memsahibu, mke wa yule ofisa, alikuwa na brashi nzuri ya mpini wa fedha iliyotoka kwao, lakini brashi ile ililainisha manyoya ya juu tu. Ya ndani yalibaki yamejibana karibu na ngozi. Kwa sababu hiyo baba aliunda chanuo.

Alifanya kazi ile mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, kwenye kivuli cha tangi la maji. Sijawahi kuona mtu akifanya jambo kwa mpangilio kama ule, na nadhani tabia yangu ya orodha nimeitoa pale. Alianza miguu ya nyuma, akipanda polepole kuelekea kichwani. Kwa mkono wa kushoto aliyainua manyoya marefu, akayagawa mstari mpaka ngozi ikaonekana, akashusha chanuo kutoka kwenye mstari huo kwenda nje, kisha akateremsha tabaka jingine dogo, akarudia. Hakumwosha mbwa kabla ya kumchana, kwa sababu manyoya ya ndani yakilowa kabla hayajatolewa hushikamana kama blanketi, na blanketi hilo haliondoki ila kwa mkasi. Hakumnyoa. Bwana aliwahi kupendekeza anyolewe apate ubaridi, na baba alijibu kwa adabu kwamba koti la nje ndilo linalomkinga na jua. Alitafuta kupe kwa vidole huku akichana. Kazi yangu ilikuwa kushika gunia.

Siku moja aliniachia chanuo nijaribu. Nilikuta kishungi nyuma ya paja, nikavuta. Meja akageuza kichwa na kunitazama, hakunguruma.

"Usivute, mayo," baba alisema. Ndivyo alivyoniita, kwa Kinyamwezi, kana kwamba mimi ndiye mama yake. "Linalotaka kutoka litakufuata lenyewe. Likikataa, liache mpaka kesho. Ukilivuta ataogopa chanuo, na akiogopa chanuo hutamchana tena."

Nilimwuliza kwa nini mbwa mmoja ana manyoya ya namna mbili, ya juu magumu na meusi kidogo, ya ndani laini na meupe. Baba hakuinua uso.

"Huyu amevaa makoti mawili. La nje ni la mbwa, lake mwenyewe. La ndani ameazima kwa kondoo, kwa ajili ya baridi ya kwao. Huku joto likimzidi, analirudisha."

"Kwa kondoo?"

"Kwa kondoo."

"Kondoo mwenyewe yuko wapi?"

"Ulaya. Ndiyo maana analirudisha kidogo kidogo. Njia ni ndefu."

Hakucheka. Baba alikuwa mtu wa mzaha mkavu, na mtoto wa miaka tisa hana chombo cha kupimia mzaha mkavu. Niliamini. Niliyashika manyoya yale mkononi, mepesi, ya joto, yasiyo na harufu, nikaona hayafanani na mbwa hata kidogo. Tangu siku hiyo kwangu yalikuwa sufu ya kondoo, iliyopitia kwa Meja njiani.

Wakati huo Bi Mwavita alikuwa akilalamika shingo. Mto wake ulikuwa wa pamba, wa miaka mingi, umeshikana mabonge. Asubuhi aliamka kichwa kimeinama upande mmoja, akaswali hivyo hivyo, akaniambia, "Roza, kuinama sijambo. Kuinuka ndiko kunakonishinda." Memsahibu alikuwa ameagiza manyoya yote yachomwe, na baba aliyachoma kila Jumamosi. Mimi nikaanza kuyaokoa. Nilijaza magunia mawili, nikayafua kwenye karai kwa sabuni ya kufulia, mara tatu, nikayaanika juu ya wavu wa dirisha kuukuu. Baba alipoona alidhani nacheza. Aliniambia nikimaliza nisiache uchafu.

Nilishona mfuko wa marikani kwa mshono ule ule wa kurudi nyuma, nikaujaza, nikaufunga. Siku baba alipochelewa kazini nilimpelekea Bi Mwavita. Aliuminya, akauweka shavuni, akafumba macho.

"Hii si pamba."

"Ni sufu ya kondoo, bibi."

"Kondoo gani? Hawa wetu manyoya yao mafupi, hayajazi hata kiganja."

"Kondoo wa Wazungu."

"Ah! Basi leo nalala kama Memsahibu. Kesho asubuhi mtanipigia kengele ya chai."

Nimekaa na jibu lile miaka mingi, na nimejaribu kuwa mwadilifu kwangu na kwake. Ni kweli niliamini habari ya kondoo. Lakini pia ni kweli kwamba Bi Mwavita aliniuliza, na mimi sikulitaja jina la Meja. Mtoto anayeamini kabisa angelitaja, hata kwa kujisifu. Angesema: ni kondoo ambaye mbwa amemvaa. Mimi nililiruka jina hilo kama mtu anavyoruka dimbwi, na mtu haruki dimbwi asiloliona.

Baba alipoambiwa kwamba mwanawe ameshona mto alishukuru kwa malezi. Hakuuliza umejazwa nini. Chumbani kwa Bi Mwavita hakuwa akiingia, kwa heshima, na mto haukuwa ukitoka.

Shingo ya Bi Mwavita ilipona. Kwa majuma kadhaa aliwaambia majirani kwamba mjukuu wake Mkristo amemzidi mganga. Kisha mvua zikaanza. Mabati ya nyumba ile yalikuwa na kutu, na juu ya kitanda chake palikuwa na tundu dogo. Mvua ya pili au ya tatu ilinyesha usiku kucha, na asubuhi nilipoingia kumwamkia nilisimama mlangoni. Harufu ilikuwa imejaa chumba. Aliyewahi kumkaribia mbwa wa manyoya marefu aliyenyeshewa anaijua, nzito, chachu, kama gunia la zamani lililooza pembeni ya kitu kilicho hai. Manyoya yale makavu hayakuwa na harufu yoyote. Yalipolowa yalisema yenyewe ni ya nani. Hapo nilijua, kwa pua kabla ya akili, kwamba hakuna kondoo na hakuwahi kuwapo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Roza, njoo. Mimi pua yangu imekwisha kwa ugoro, nusa wewe. Kuna mbwa ameingia humu usiku?"

"Sijui, bibi."

"Hunusi kitu?"

"Nanusa mvua."

Alitafuta chini ya kitanda kwa fimbo. Kisha akaamua kwamba mbwa koko amepita, na nyumba lazima itoharishwe. Kwa desturi yao, kilichoguswa na mbwa akiwa amelowa huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Bi Mwavita hakuacha kitu. Mikeka, vyombo, kitanda, chandarua, kizingiti, nguo zote, mara saba. Bomba la mtaa lilikuwa mbali, na mimi ndiye niliyebeba maji. Yeye alisugua akiwa amechuchumaa, mkono mmoja kiunoni. Mto aliutoa akauweka juu ya paa la jiko, juani, ili usipigwe na maji machafu. "Huu ni safi," alisema, "umeshonwa na mtoto." Nilikuwa nimesimama na ndoo kichwani. Jua liliukausha, harufu ikatoweka, jioni akaurudisha kitandani, akashukuru Mungu.

Mvua ikanyesha tena, harufu ikarudi. Akaosha tena, mara saba. Sikumbuki ilikuwa mizunguko mingapi kwa jumla. Nimejaribu kuhesabu na siwezi, na kwa mtu wa aina yangu hilo ni jambo la kuniudhi. Nakumbuka vidole vyake vilivyojikunja kwa maji, na mimi nikimimina.

Baba aliinusa harufu ile ukumbini jioni moja, akasimama na kofia mkononi. Yeye hakuhitaji kuuliza ni mbwa gani. Aliijua kama mtu anavyoijua sauti ya mwanawe. Nilimwona akinusa mkono wa shati lake, kisha kifua, kisha akatoka uani na kunawa upya. Kesho yake alilichoma shati la mbwa. Aliacha viatu vyake vya kazi Uzunguni, akawa anarudi pekupeku. Alijisugua kwa majivu na ndimu hadi ngozi ya mikono ikapasuka. Harufu ilibaki pale pale.

Mwishowe Bi Mwavita alimwita barazani. Hapakuwa na mzaha siku hiyo.

"Petro, mwanangu. Sikulaumu. Najua unavyonawa. Lakini ile ni harufu ya mbwa wako."

"Ni yake, mama. Sikatai. Sijui inapita wapi."

"Mimi ni mtu mzima, nangoja siku yangu. Malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa. Nikifa humu, nani atanijia?"

Kesho yake asubuhi baba alikwenda kwa Memsahibu kuomba aondolewe kazi ya Meja, abaki na ya nyumba peke yake. Alikubaliwa, na mbwa akapewa mtunza bustani. Baba alimpelekea chanuo na kumwonyesha jinsi ya kugawa manyoya tabaka kwa tabaka. Mtunza bustani akamcheka mbele ya mpishi. "Petro, mimi si mama wa mbwa. Nitampiga maji ya mpira, akauke, basi." Baba akalifunga chanuo katika kitambaa na kulipeleka Itetemia.

Harufu haikwisha. Baba akasema sisi tutahama. Bi Mwavita akatikisa kichwa, akasema imekwisha ingia kwenye kuta, kuhama kwetu hakutasaidia. Katikati ya masika yale alimwachia shemeji yake nyumba ambayo mama yake alitembea miezi kuifikia, akakata tiketi ya kwenda Ujiji kwa mtoto wa dada yake. Tulimsindikiza stesheni. Baba alibeba sanduku na mkeka. Mto aliubeba Bi Mwavita mwenyewe, kwapani. Alipokwisha kupanda aliuweka juu ya ukingo wa dirisha la behewa, akaegemeza mkono, akaniita.

"Roza, mimi naondoka na zawadi yako. Wewe huna neno la kunipa njiani?"

Injini ilikwisha kupiga firimbi. Baba alikuwa nyuma yangu. Nilikuwa na neno, liko tayari mdomoni, na lilikuwa fupi.

"Safari njema, bibi," nikasema.

Treni ikaondoka kuelekea magharibi, ikifuata karibu njia ile ile ya misafara, na mto mweupe dirishani niliuona mpaka ulipofika kwenye miti.

Barua ilikuja baada ya wiki kadhaa, imeandikwa na kijana wa huko kwa maneno ya Bi Mwavita. Baba hakujua kusoma. Alirudi nayo kutoka posta ameishika kwa ncha za vidole, akaketi kwenye kigoda, akanipa. "Soma, mayo. Polepole." Ilikuwa barua ya kwanza maishani mwangu, na nilijivunia kuisoma. Mistari ya mwanzo ilikuwa salamu. Kisha ikaja sehemu hii, ambayo ninainakili sasa kutoka kwenye karatasi yenyewe:

"Petro, harufu imenifuata mpaka huku. Mvua ya kwanza ya Ujiji nimeipata kitandani. Kumbe si wewe wala nguo zako, nisamehe. Nimeufumua mto. Muulize Roza ni kondoo gani yule. Mwambie sina hasira naye, ila aseme."

Niliisoma kwa macho, na macho yalipofika mwisho mdomo ulikuwa bado kwenye salamu. Nikasoma: anasema amefika salama. Nikaruka. Anasema watoto wa huko hawajambo, ziwani kuna upepo, anawasalimu majirani wote.

"Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo tu, baba."

"Harufu hakuitaja?"

"Hakuitaja."

Baba alitazama mikono yake iliyopasuka kwa ndimu. "Basi ametusitiri," akasema. "Mtu mwema yule. Nimemtoa kwao, na bado ananisitiri." Akaikunja barua na kuitia mfukoni.

Kama ningaliisoma yote, baba angalilala na moyo mweupe usiku ule, na kesho yake angalilirudia chanuo. Hilo nalo nililiona. Kiangazi kilichofuata Meja alipukutika kama kawaida yake, na mtunza bustani akampiga maji ya mpira kabla ya kumchana, kisha akapitisha ile brashi ya mpini wa fedha juu juu. Manyoya ya ndani yakashikamana mwili mzima. Chini ya blanketi lile ngozi ikaoza kwa majimaji na joto. Wakamnyoa kwa mkasi, bila mpangilio, na jua la Oktoba likamkuta bila koti lolote. Baba alimwona kila siku kutoka dirisha la kupigia pasi. Nilikwenda naye mara moja tu. Meja alikuwa amejificha chini ya tangi la maji, mgongo umejaa vidonda na nzi. Alipomwona baba alijikokota kuja, akageuka na kusimama akimpa upande wa nyuma, kama alivyozoea kusimama akingoja kuchanwa. Baba alimpaka mafuta ya ng'ombe kwa vidole. Meja hakufika masika.

Mimi nilisoma mpaka darasa nililoweza, na mengine nimejisomea mwenyewe. Nimesoma hata habari za mbwa wa nchi za baridi, na nimegundua kwamba kila alichofanya baba kilikuwa sahihi, kuanzia kugawa tabaka hadi kukataa mkasi, ingawa hakuna aliyemfundisha. Nilipanga kumwambia hilo siku moja. Nilipanga pia kumwambia lile jingine. Lakini Bi Mwavita alikuwa amekwisha kufariki huko Ujiji, na nilijiambia kwamba kufukua ni kumwumiza mzee bure. Kwa muda mrefu baba aliendelea kulisema, hasa mvua zikianza: "Nilimtoa bibi wa watu nyumbani kwao kwa ajili ya mbwa." Nami nilikuwa nikimwongezea chai.

Uhuru ulipokuja, na baadaye madarasa ya kisomo, baba alikuwa mzee tayari, lakini aliingia. Alijifunza kwa penseli. Mwalimu wao aliwafundisha kuweka nukta chini ya kila silabi wanayoitamka, wasipotee njiani, na baba aliweka nukta kwenye kila kilichoandikwa: katekisimu, karatasi za sukari, kalenda. Sikumbuki lini hasa aliacha kusema habari ya kumtoa Bi Mwavita nyumbani kwake. Naona sasa kwamba aliacha. Nakumbuka kwamba tangu miaka hiyo, kila nilipokwenda Itetemia kumsalimu, wakati wa kuagana alinisindikiza mpaka kwenye njia, akasimama, akauliza, "Mayo, huna jingine?" Nilidhani ni ada ya wazee ya kuagana.

"Sina, baba."

"Haya. Nenda salama. Utakuja tena."

Bahasha iliyokuwa sandukuni ni ile ya Ujiji. Karatasi imelainika kwenye mikunjo kama kitambaa, kwa kufunguliwa mara nyingi. Chini ya kila neno kuna nukta za penseli, kuanzia salamu. Zipo chini ya harufu, zipo chini ya kondoo, zipo chini ya jina langu, mbili. Chini ya neno la mwisho la sehemu ile, "aseme", ziko tatu, moja kwa kila silabi. Nimezitazama kwa miwani. Hazikukandamizwa kuliko nyingine, wala hakurudia. Alifika pale, akaona kwangu limekataa kutoka, akaliacha mpaka kesho.